Kadi ya grafiki katika kompyuta yenye umbo dogo

Mkazi wa Lumakanda, yaliyokuwa makao makuu ya Wilaya ya Lugari, Kaunti ya Kakamega, akinunua kompyuta ndogo ya mezani iliyokwisha kutumika ofisini, huenda akatamani kuitia kadi ya grafiki ili imudu kuhariri video. Kizuizi cha kwanza si bei, bali ni umeme. Pawasaplai ya Dell OptiPlex 7010 ya umbo dogo, iliyotoka mwaka 2012, hutoa wati 240 kwa mashine nzima, wala haina waya wa kulisha kadi. Kadi hutegemea tundu la ubao mkuu, ambalo halizidishi wati 75. GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 hufikia kikomo hicho. RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotolewa mwaka 2024, hutumia 70 na ina nguvu zaidi.

Wati zikitosha, kimo huweza kukataa. Sharti litafutwe toleo fupi lenye bamba fupi la chuma, na unene upimwe kwa rula kabla ya fedha kutolewa, kwani kadi nyingi za namna hiyo hukalia nafasi mbili. Wanaokata bati la kisanduku ili kadi ienee hulikaribisha vumbi kwenye feni.