Nywele za kusukia: linda panja zako kwanza

Dada zangu kutoka Lamu hadi Vanga, leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalilipia kila mwezi bila kuliuliza maswali: nywele za kuongeza. Wengine huziita rasta, wengine nywele bandia, wengine hutaja jina la kampuni tu.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na kazi yangu ni ususi hapa Kisumu, mji uliounganishwa na kwetu kwa reli tangu Desemba 1901. Wateja wangu ni mama wauza samaki wa Dunga, wasichana wa chuo kutoka Maseno, wafanyakazi wa ofisini na mabibi harusi wa mtaa wa Kaloleni. Kila anayekaa kwenye kiti changu, kabla sijamuuliza anataka mtindo gani, namtazama panja. Hapo ndipo nywele za kuongeza huandika hesabu yao. Nywele za dukani zikiharibika utanunua nyingine. Shina la nywele likifa halina duka.

Kinachotokea kwenye panja

Kila unywele umeshikwa na shina lililo ndani ya ngozi. Ukivutwa siku moja, shina huuma kisha hupoa. Ukivutwa wiki sita, ukapumzika siku mbili, kisha ukavutwa tena, shina huvimba na kuchoka. Nywele zinazoota baadaye huwa nyembamba na fupi. Mwendo huo ukiendelea kwa miaka, ngozi huweka kovu, na penye kovu haoti mtu nywele tena. Madaktari wa ngozi wanaujua vizuri upara huu wa kuvutwa, nao hauwapati Waafrika peke yao. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulielezwa kwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakifunga nywele kwa kuzivuta juu.

Habari njema ni kwamba ukigunduliwa mapema hurudi nyuma. Dalili zake ni hizi: kichwa kuuma usiku wa kwanza hata ushindwe kulala, vipele vidogo kwenye mstari wa paji au nyuma ya kisogo, ngozi inayong'aa kwenye panja, na nywele fupi zilizokatika zikizunguka uso. Ukiona vipele, fumua siku hiyo hiyo. Ukiona ngozi imeanza kung'aa, nenda kwa daktari wa ngozi, usiende kwa muuza mafuta.

Kuchagua

Sokoni Kibuye au Jubilee utakuta aina mbili kubwa. Ya kwanza ni nyuzi za kiwandani, ndizo tunazosukia rasta na mistari. Nyuzi hizi zina historia ndefu: kampuni ya Kaneka ya Japani ilianza kuuza uzi wake wa Kanekalon mwaka 1957, na leo viwanda vya hapa hapa Kenya hutengeneza nywele za kusukia, zikiwemo za jina la Darling. Aina ya pili ni nywele za binadamu, zinazouzwa kama wigi au kama vipande vya kushonea juu ya mistari. Bei yake huwa mara nyingi zaidi ya ile ya nyuzi.

Kwa sababu ya tofauti hiyo ya bei, udanganyifu ni mwingi. Kuna jaribio rahisi. Mwombe muuzaji nyuzi mbili tatu, uziguse moto mbali na pakiti. Nywele za binadamu huungua zikawa majivu yanayosagika, zikitoa harufu ya manyoya yaliyoungua. Uzi wa kiwandani huyeyuka ukaacha kidonge kigumu. Muuzaji akikataa jaribio hilo, na bei ni ya nywele za binadamu, mwachie mali yake.

Bei yenyewe imewahi kuwa siasa. Muswada wa Fedha wa mwaka 2023 ulipendekeza ushuru wa asilimia 5 kwa nywele za binadamu na mawigi, na baada ya malalamiko pendekezo hilo likaondolewa bungeni.

Ukinunua nyuzi, angalia uzito kabla ya urefu. Rasta zinazofika kiunoni ni nzuri kwenye picha, lakini uzito wote huo unaning'inia kwenye mashina usiku na mchana, na zikilowa maji uzito huongezeka. Mwenye nywele nyembamba asipite mabegani. Pakiti nyingi kichwani haziongezi uzuri, zinaongeza mzigo.

Kabla ya kusukwa, loweka nyuzi kwenye maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo, uone ute mweupe unaotoka. Zisuuze, zianike mpaka zikauke. Watu wengi wanaolalamika kuwashwa siku ya pili hupata nafuu kwa hatua hii moja.

Lipo pia jambo la kemikali, na afadhali tuliseme bila kutishana. Februari 2025 shirika la Consumer Reports la Marekani lilitangaza matokeo ya kupima bidhaa 10 za nyuzi za kusukia zinazouzwa huko. Zote zilikutwa na kemikali zinazohusishwa na saratani, na 9 kati yake zilikuwa na madini ya risasi. Vipimo hivyo ni vya bidhaa za soko lao, lakini tahadhari hazigharimu kitu: sukwa mahali penye hewa, nawa mikono kabla ya kula ukiwa kwenye kiti, na usimwache mtoto atafune ncha za rasta.

Kusukwa

Maneno ninayoyasikia kuliko yote kazini ni haya: "Dada, kaza kidogo, nataka zikae mpaka mwisho wa mwezi ujao." Jibu langu ni moja: "Mamangu, nikikaza hazitakaa zaidi, zitaondoka na zako." Kinachofanya rasta zidumu ni kugawa kichwa sawasawa, kulinganisha unene wa rasta na nywele zinazoibeba, na kuzilinda usiku. Maumivu hayadumishi chochote.

Mambo ya kumwambia msusi kabla hajaanza:

Moja, aziache nywele laini za ukingoni, zile zilizo kama malaika. Mstari wa kwanza uanze nyuma yake.

Mbili, mafungu ya mbele yawe na nyuzi chache kuliko ya utosini.

Tatu, asianze na fundo zito kwenye shina. Aanze na nywele zako mwenyewe, aongeze nyuzi kidogo kidogo.

Nne, kama ni za kushonea, mistari ya chini iwe bapa na isibane, na uzi usipite kwenye ngozi. Mimi sipendi gundi kwenye ukingo wa paji, kwa sababu inapobanduliwa huondoka na kilicho chake na kisicho chake.

Tano, ncha zikichovywa kwenye maji ya moto, ziondolewe mwilini kwanza, na taulo liwe mabegani. Maji yale yanachemka, na mgongo ni wako.

Ukihisi nyusi zinapanda au huwezi kufumba macho vizuri, sema pale pale. Si utovu wa adabu kumwambia msusi alegeze. Na zikishasukwa, usizifunge juu kama shungi wiki ya kwanza, maana utakuwa umevuta mara ya pili kilichokwisha kuvutwa.

Kutunza, khasa huku ziwani

Pwani shida yetu ni jasho na chumvi. Huku Kisumu jua ni kali mchana, na miezi ya masika mvua humwagika jioni mtu akiwa njiani. Rasta zilizolowa zikalaliwa mbichi hutoa harufu, na ngozi hupata ukungu, mba na kuwashwa. Kwa hiyo osha kichwa kila baada ya wiki mbili: changanya shampuu na maji ndani ya chupa yenye mdomo mwembamba, mimina kwenye mistari, sugua kwa ncha za vidole wala si kwa kucha, suuza, kisha kaa juani au kwenye draya mpaka ndani kukauke. Asubuhi ni bora kuliko usiku.

Maji ya kuoshea yasiwe ya ziwa. Najua kwa wakaazi wa fukwe za Mbita, Usenge na Homa Bay ziwa ndilo bomba, lakini Ziwa Victoria lina kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi wakati mtu amesimama majini akioga au akifua. Mwanamke mwenye rasta husimama majini muda mrefu zaidi ya mwenzake, kwa sababu kusuuza kunachukua muda. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, au yaliyokaa kwenye pipa lililofunikwa siku mbili.

Jambo jingine la huku ni moto. Mama wanaokaanga na kukausha samaki kwa moshi huinama juu ya jiko siku nzima. Nyuzi nyingi za kiwandani huyeyuka, na uzi ulioyeyuka hunata kwenye ngozi. Kabla ya kukaribia jiko funga kichwa kwa leso ya pamba, ncha zote ndani. Leso hiyo pia huzuia harufu ya samaki na moshi kuingia kwenye rasta. Usiku badilisha, ujifunge kitambaa laini cha hariri au satini.

Mafuta ya nazi yetu yanafaa, lakini tone kwenye ngozi linatosha. Ukimwagia rasta mafuta, unakusanya vumbi la barabara ya Kondele lote.

Maji ya ibada

Wateja wangu Waislamu huniuliza swali hili kila mara, nami huwajibu ninalolijua na mengine nawaachia wenye elimu. Hadithi zilizopokelewa na Bukhari na Muslim zinakataza kuunga nywele. Kuhusu nyuzi, sufi na hariri wanazuoni wametofautiana, kwa hiyo muulize shekhe wako kabla ya kununua. La upande wangu kama msusi ni maji. Katika madhehebu yetu ya Shafi, msuko unaozuia maji kufika ndani unapasa kufumuliwa wakati wa josho la faradhi, na kupaka maji juu ya wigi si kupaka kichwa. Anayejua hedhi yake iko karibu asisukwe mtindo wa siku nzima kisha aufumue kesho kutwa. Apange tarehe.

Kufumua na kupumzika

Wiki sita zinatosha, nane ni mwisho. Baada ya hapo nywele mpya zilizoota huacha rasta ikining'inia kwenye nyuzi chache, na uchafu hukusanyika pale ulipoanza msuko.

Kata ncha chini ya mahali nywele zako zinapoishia, ukipima mara mbili kabla ya mkasi. Fumua polepole, paka mafuta kwenye kila fundo la uchafu, lifungue kwa vidole, kisha chana kwa chanuo lenye meno mapana. Maji yaje baada ya kuchana. Ukiosha kwanza, nywele zilizokwisha kutoka hujisokota na zilizo hai, na hapo ndipo mkasi huingia kwa hasira.

Usishtuke na bonge la nywele utakaloliona. Ni kawaida kichwa kudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku. Kwa wiki sita hizo ni kati ya 2,100 na 4,200, na zote zilikuwa zimebaki ndani ya msuko. La kuogopesha ni nywele zinazotoka kwa mafungu mahali pamoja, au kuacha ngozi tupu.

Kisha pumzika, angalau wiki mbili. Suka nywele zako mwenyewe, mistari mikubwa, au tumia uzi mweusi kama walivyofanya bibi zetu. Anayehitaji kufunika kichwa kazini ana leso, kilemba na mtandio, tena sisi watu wa Pwani hatuna uhaba wa hivyo.

Watoto

Mtoto mdogo hahitaji nywele za kuongeza. Nywele zake ni laini, shina lake bado changa, na hawezi kusema msuko umembana ila kwa kulia, nasi humwambia avumilie. Panja nyingi zilizopotea ninazoziona kwa wanawake wa miaka 30 zilianza kuvutwa wakiwa na miaka 5, siku ya Idi au Krismasi. Msuke mistari ya nywele zake mwenyewe, mlegezee, umwache acheze.

Kwa hiyo, dada zangu, mara nyingine ukienda kwa msusi, usiulize bei peke yake. Muulize atazifanyaje panja zako. Akikosa jibu, nenda kwa jirani yake.