Mafuta ya taa au gesi? Historia fupi ya vali

Wasomaji wangu, Migori na Homa Bay hakuna anayepasha nyumba joto. Moto wetu ni wa sufuria. Kwa miaka mingi ulitoka kwenye stovu ya mafuta ya taa: unapeleka chupa dukani, unapimiwa ya pesa uliyo nayo, omena inaiva.

Gesi ilikuwa na tatizo ambalo sisi waandika programu tunalijua sana: kila kampuni na vali yake. Ukinunua mtungi, umefungwa kwa muuzaji mmoja. Kanuni za mwaka 2009 zilileta vali ya aina moja na kulazimisha kampuni kubadilishana mitungi. Mwaka 2016 gesi ikaondolewa VAT. Mwaka 2018 mafuta ya taa yakaongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, kuzuia wanaoyachanganya na dizeli.

Halafu mambo yakageuka. Kanuni za 2019 zilifuta ile lazima ya kubadilishana mitungi. VAT ya gesi ilirudi mwaka 2021, ikaondolewa tena 2023.

Kwa hiyo, kabla hujanunua mtungi, uliza kwanza: duka la karibu litaupokea ukiisha? Na kama kipato chako ni cha kila siku, kumbuka gesi haipimwi kwa chupa. Kwa kawaida utahitaji pesa ya mtungi mzima kwa mara moja.