Uwanja ni wa Nani? Historia ya Mahali pa Kuchezea Kibera na Kawangware

Januari 2009, garimoshi lililokuwa likipita Kibera, jijini Nairobi, lilivikwa macho ya wanawake. Msanii wa Ufaransa anayejiita JR alikuwa amewapiga picha akina mama wa mtaa huo, akazikuza mno, akabandika macho yao ubavuni mwa mabehewa. Pua na midomo aliiweka kwenye mabati yaliyopangwa mtelemkoni, chini ya reli. Garimoshi lilipofika mahali pake, macho na midomo vilikutana, uso ukakamilika kwa muda wa kupepesa jicho, kisha mabehewa yakaendelea na safari.

Picha nyingine zilitandazwa juu ya paa, zikafunika karibu mita 2,000 mraba. Karatasi ambayo JR alikuwa amezoea kuibandika katika miji mingine isingefaa hapa, kwani mvua ya Aprili ingeiondoa kwa usiku mmoja. Kwa hiyo nyuso zilichapwa kwenye turubai la plastiki lisilopitisha maji. Mwenye nyumba akapata sura ya jirani yake juu ya kichwa, na chini yake akapata chumba kisichovuja. Mimi nalipa uzito jambo hili la pili. Katika mitaa ya Nairobi ambako chumba kimoja ni jikoni, sebule na chumba cha watoto, sanaa iliyopokelewa kwa moyo ni ile iliyokuja na kazi mkononi.

Reli hiyo ilikuwa na kidonda kibichi. Mwaka mmoja kabla, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, vijana waliing'oa, safari za kuelekea magharibi mwa nchi na Uganda zikakatika. Siku hizo msanii wa Kibera, Solomon Muyundo, anayejulikana zaidi kama Solo 7, alipita vichochoroni na mkebe wa rangi akiandika maneno ya kuomba amani kwenye kuta, milango na vibanda vilivyobaki vimesimama. Alikuwa mmoja wa kikundi cha Maasai Mbili, ambacho kilianzishwa mwaka 2001 na Otieno Gomba na Otieno Kota. Hawa wawili walikuwa waandishi wa mabango ya maduka, na walipokwenda kutafuta kazi walivaa kama Wamaasai, ili mwenye duka asiwasahau. Karakana yao iligeuka kuwa mlango uliokuwa wazi kwa mtaa. Baada ya ghasia waliwakaribisha watoto wachore yale waliyoyaona, na watoto wakachora moto, panga na watu wakikimbia. Uchaguzi wa 2013 ulipokaribia, wachoraji wa grafiti wa Nairobi, wakiwemo Bankslave, Uhuru B na Swift9, walishirikiana na Mmarekani Joel Bergner na vijana wa shirika la Kibera Hamlets kupaka garimoshi zima la abiria ujumbe wa amani.

Lakini rangi inahitaji mahali pa kukaa, na Kibera ilinyimwa mahali tangu mwanzo. Wanubi, askari wa jeshi la King's African Rifles na familia zao, waliwekwa katika msitu huo mwanzoni mwa karne ya 20. Serikali ya kikoloni ilitangaza eneo hilo kuwa ardhi ya jeshi, ikawaacha wakazi bila hati yoyote. Mji wa wakubwa ulikuwa na bustani ya Jeevanjee tangu 1906, na nchi huru ikafungua Uhuru Park mwaka 1969. Kibera, ambayo iliandikwa ardhi ya serikali na wakazi wake wakahesabiwa wapita njia, haikupimiwa barabara, mtaro wala uwanja wa watoto. Mashamba yakawa vibanda, vibanda vikasogeleana, na kilichobaki wazi ni kile ambacho hakingejengeka: ukingo wa mto, pembezoni mwa reli, na viwanja vichache kama Kamukunji ambavyo mtaa wenyewe ulivilinda kwa mikutano na mpira.

Watoto hawakungoja mchora ramani. Ukitaka kujua mtaa una nafasi kiasi gani, tazama wanacheza nini. Bano, yaani gololi, huhitaji shimo lenye upana wa kikombe na udongo mgumu uliofagiliwa, basi. Brikicho hustawi palipo na vichochoro vingi, kona nyingi na mama mwenye duka ambaye hatasema nani amejificha nyuma ya mitungi. Blada inataka wasichana wawili wa kushika ile kamba ya mpira miguuni, na mmoja wa kuruka, wakipanda kutoka kifundo hadi goti hadi kiuno. Kalongolongo hupikwa popote: mkebe wa Blue Band, udongo, maji kidogo, na majani yaliyokatwakatwa kuwa sukuma wiki. Kati ni mchezo mwingine kabisa. Huo unataka ardhi tambarare, warushaji wawili waliosimama mbali, na nafasi ya katikati ya kukwepa mpira wa karatasi na nailoni. Nyumba zinaposongamana, kati ndiyo hufa kwanza, na watoto wakikosa kati wanakosa mahali pa kukimbia mbio ya kweli.

Wazungu wenyewe walijifunza umuhimu wa nafasi ya kuchezea wakati wa vita. Mwaka 1943, Denmark ikiwa chini ya Wajerumani, mbunifu wa bustani C. Th. Sørensen alishiriki kufungua uwanja huko Emdrup, Copenhagen, ambako watoto walipewa mbao, matofali na vyuma chakavu wajijengee watakacho. Alikuwa ameona kwamba watoto walifurahia zaidi mabaki ya ujenzi kuliko bembea alizowabunia. Miaka minne baadaye, mjini Amsterdam, msanifu majengo kijana aliyeitwa Aldo van Eyck alianza kugeuza viwanja vitupu kuwa mahali pa kuchezea, kimoja baada ya kingine, hadi vikapita 700. Hakuweka tembo wa saruji. Aliweka sanduku la mchanga, mawe ya kurukia na vyuma vya kupandia, na akamwachia mtoto aamue ni vitu gani. Tofauti ni kwamba nyuma ya van Eyck ilisimama manispaa iliyomiliki ardhi na iliyokuwa na idara ya kazi za umma.

Kibera haikuwa na manispaa ya namna hiyo. Mwaka 2006, kundi la wanafunzi wa usanifu wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakiwemo Chelina Odbert na Mkenya Arthur Adeya, lilianzisha Kounkuey Design Initiative, ambayo wengi huiita KDI. Eneo lao la kwanza lilikuwa Soweto Mashariki, kando ya kijito kinachoelekea Nairobi Dam, mahali palipokuwa jaa la taka na palipofurika kila masika. Walifanya kazi na kikundi cha wakazi cha New Nairobi Dam Community, na kilichotokea hapo ndicho ninachokiona kuwa kiini cha historia hii.

Mtu anayelala macho akisikiliza maji ya mto yakipanda hawezi kuanza na bembea. Shida zilizotangulia zilikuwa mafuriko, maji ya kunywa, choo na riziki. Kwa hiyo kazi ilianzia chini. Taka ziliondolewa, kisha vizimba vya waya vikajazwa mawe, vile ambavyo mafundi huviita gabioni, vikapangwa ngazi kwa ngazi kwenye ukingo ili mto usiendelee kula ardhi. Ukuta wa namna hiyo huacha maji yapenye bila kuubomoa, na mtu wa kawaida anaweza kuujenga kwa mikono, koleo na uvumilivu. Juu ya ardhi hiyo mpya ndipo ukaja ukumbi wenye paa, kazi za kuingiza kipato kama kusuka vikapu na kutengeneza mboji, na uwanja wa watoto. Mawe yaliyozuia mto yakawa pia viti vya kutazamia mchezo.

Tangu hapo maeneo yamepita kumi, yakifuata kijito na vijiji vyake. Lililo muhimu zaidi kuliko idadi ni utaratibu. Kila eneo lina kikundi cha wakazi kinacholisimamia, na fedha za maji, choo au kukodisha ukumbi ndizo hununua msumari na bati jipya. Nimeona bembea nyingi za wafadhili jijini zikining'inia kwa mnyororo mmoja, kibao chenye jina la mfadhili kikiwa bado kinang'aa. Bembea ambayo jirani yake ni bomba la maji ina mtu wa kuiangalia kila siku.

Njia nyingine zilijaribiwa, na hazikuwa mbaya. Mwaka 2015 wasanifu wa Uhispania, SelgasCano, walijenga banda la maonyesho katika jumba la makumbusho la Louisiana, Denmark, wakilikusudia tangu mwanzo lisafirishwe hadi Kenya liwe shule ya Kibera Hamlets. Lilikuwa jukwaa la vyuma vya wajenzi lililovalishwa mabati ya plastiki yanayopitisha mwanga, na rangi zilizomfanya mtoto aingie akitazama juu. Katika shule ya Spurgeons Academy, humo humo Kibera, hawakuhitaji hata jengo jipya: siku ya somo la densi ya baleti, madawati yalitolewa nje, sakafu ikafagiliwa, na darasa likawa ukumbi. Mchana huo mmoja wa juma ulionyesha kwamba nafasi inaweza kupatikana hata kwa saa mbili, ikiwa mwalimu ataikubali.

Ukivuka Ngong Road na kuingia Kawangware, hadithi inabadilika, na sababu yake iko kwenye hati za ardhi. Dagoretti, eneo ambamo Kawangware imo, ilikuwa sehemu ya ardhi ya Wakikuyu wakati wa ukoloni, na iliingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi mwaka 1963. Kwa hiyo sehemu kubwa ya Kawangware ina wenyewe: familia zenye mashamba ya mababu, waliogawa na kugawa tena, kisha wakajenga vyumba vya kupangisha. Hakuna ukingo mpana wa serikali wa kukombolewa na kikundi. Kila futi inalipiwa kodi.

Matokeo yake ni ploti. Vyumba vya mabati vimepangwa pande mbili, katikati ukumbi mwembamba wa saruji wenye bomba moja, karai za kufulia na kamba za nguo kutoka mwisho hadi mwisho. Huo ukumbi ndio uwanja wa kuchezea wa maelfu ya watoto wa Gatina, Congo na Kabiro. Hapo shuka lililolowa linakuwa pazia, povu linakuwa mto, na mtoto hujifunza kuwahi bano yake kabla haijatumbukia kwenye mtaro. Lakini ni uwanja wa ruhusa. Kiatu kimoja chenye matope kikigusa nguo za jirani, mchezo umekwisha, na keateka, msimamizi wa ploti, ana sauti kuliko mzazi.

Ndiyo maana, naamini, rangi ya Kawangware ilipanda magurudumu. Matatu za njia ya 46 zimekuwa nyumba ya sanaa ya vijana wasio na ukuta: sura za wanamuziki, taa za buluu, muziki unaoutikisa mfupa wa kifua. Serikali iliziwekea kanuni kali mwaka 2004 wakati wa waziri John Michuki, Rais Uhuru Kenyatta akawatetea wachoraji mwaka 2014, na 2018 msako ukarudi. Kwa mahali pa kutulia pa kuchezea, watoto wa upande huu hutegemea viwanja vya shule na makanisa, na taasisi kama Shangilia, makao yaliyoanzishwa 1994 na mwigizaji Anne Wanjugu. Huko Kangemi, ng'ambo ya bonde, Shangilia ilijengewa uwanja wa saruji wa kuteleza kwa ubao kwa msaada wa shirika la Ujerumani, skate-aid.

Kwa wakazi wa Kibera, ardhi ya serikali nayo ina hatari yake. Julai 2018 matingatinga yalifungua njia ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, yakabomoa maelfu ya nyumba na shule kadhaa pamoja na nyua zao. Mafuriko ya 2024 yalileta amri ya kuhama kingo za mito ya Nairobi, mita 30 kutoka majini. Amri hiyo ina haki ya kuokoa maisha. Ila ukingo uliokwisha kushikwa kwa gabioni na kuchezewa na watoto unastahili kuandikwa kuwa uwanja wa umma, kwa hati, kabla haujahesabiwa kuwa ardhi tupu inayongoja mradi. Kaunti inajua jinsi ya kufanya hivyo: mwaka 2017 ilitangaza mitaa ya Mukuru kuwa eneo la mipango maalumu, ujenzi mpya ukasimamishwa, na wakazi wakaketi na wapangaji miji kuamua barabara zipite wapi na nini kiachwe wazi. Kando ya kijito cha Kibera wakazi wamekwisha kufanya sehemu ngumu ya kazi hiyo. Gatina ndiko itakakokuwa vigumu zaidi, kwa sababu huko mwenye ploti lazima aitwe mezani, aelezwe kiasi gani cha ardhi yake kitanunuliwa, na alipwe.