Brasserie: kiwanda kilichogeuka mgahawa

Katikati ya miji ya Uingereza, saa ya chakula cha mchana, utaukuta mgahawa uliofurika watu, mlangoni pameandikwa "brasserie". Ndani, tambi za Kiitaliano hupishana mezani na samaki wa kukaanga na chipsi za Kiingereza. Neno lenyewe si la Kiitaliano wala la Kiingereza. Ni la Kifaransa, na maana yake ya kwanza ni kiwanda cha bia, kutokana na kitenzi "brasser", kupika pombe kwa kukoroga kimea.

Watu wa Alsace, mashariki mwa Ufaransa, ndio walioihamishia Paris bia yao. Frédéric Bofinger alifungua mahali pake pa kunywea bia mwaka 1864, Léonard Lipp akafuata mwaka 1880. Wanywaji wakapikiwa soseji na kabichi iliyochachushwa; taratibu chakula kikashika nafasi ya mbele, jina likabaki.

Mswahili wa Lubumbashi hahitaji maelezo haya. Brasimba, watengenezaji wa bia ya Simba, ni Brasserie Simba. Bujumbura nako, jina la kampuni ya bia ya Brarudi limebeba neno hilohilo. Ukiwaambia wenyeji wa miji hiyo unakwenda kula kwenye "brasserie", watakuuliza unakula nini kiwandani.

Nasi tunalo la kufanana nalo. Mgahawa, au mkahawa, umezaliwa na kahawa, ambayo Waarabu wa Ghuba huitamka gahawa. Palikuwa mahali pa kikombe. Leo tunaingia kuagiza wali na maharage, na pengine kahawa yenyewe haipo. Nalipenda neno hili kuliko "restoranti", kwa sababu bado linanukia kinywaji kilicholizaa.