Jamani wanaume, na sisi tupime!

Wadau, mada ya leo inanihusu mwenyewe. Miaka miwili ya ndoa bila mtoto, ndugu zangu wote wakawa wanamsema mke wangu. Kapimwa kila kitu, yuko fiti. Mimi nikawa nakwepa. Siku nilipokubali kupima, tatizo likakutwa kwangu!

Iko hivi. Mbegu ya kiume huchukua kama siku 74 kutengenezwa kwenye korodani, halafu bado inahitaji siku kadhaa kukomaa. Kwa hiyo majibu ya leo yanaeleza ulivyoishi miezi mitatu iliyopita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 umeweka alama ya chini kuwa mbegu milioni 16 kwa mililita. Chini ya hapo si kwamba huwezi kabisa, ila inakuwa kazi. Mimi niliambulia milioni 6.

Kitambi tunachokiita heshima kina kazi yake: mafuta ya mwili yana kimeng'enya kiitwacho aromatesi, kinachogeuza testosteroni kuwa estrojeni. Na nyie wa jimu mnaojichoma testosteroni, ubongo ukiona imejaa unaacha kuziamuru korodani. Mbegu zinaweza kuisha kabisa.

Vidonge vya zinki na asidi ya foliki? Nilimeza, hela ikaenda. Utafiti wa Marekani wa 2020, wenye wanandoa 2,370, haukukuta watoto wameongezeka.

Nimepunguza kilo 9, narudia kipimo mwezi ujao. Ukweni bado wanamuuliza mke wangu. Safari hii najibu mimi.