Wakili na Wimbo wa Simba

Mpenzi msomaji, huenda umewahi kuusikia wimbo wa simba aliyelala mwituni, ule unaoimbwa katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Je, umewahi kujiuliza ni nani aliyeutunga? Chanzo chake ni “Mbube”, neno la Kizulu lenye maana ya simba, wimbo uliorekodiwa Johannesburg mwaka 1939 na Solomon Linda pamoja na kundi lake. Linda aliuachia kwa ujira unaotajwa kuwa shilingi 10 tu. Wimbo ukavuka bahari, ukatiwa maneno mapya huko Marekani na kuwatajirisha wengine. Mtunzi akafariki mwaka 1962 akiwa fukara.

Sasa mtazame wakili Owen Dean wa Afrika Kusini. Hakujulikana kwa kesi za jinai zinazojaza magazeti. Alibobea katika sheria ya miliki bunifu, yaani hakimiliki, hataza na alama za biashara. Tasnifu yake ya udaktari ilichunguza jinsi sheria ya hakimiliki ya mwaka 1978 inavyozihusu kazi zilizotungwa kabla yake. Utafiti ambao wengi wangeuona mkavu ndio uliokuja kumfaa.

Utauliza: mtu akishauza chake, warithi wana dai gani tena? Dean alilijibu swali hilo kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia Afrika Kusini. Kifungu chake kimoja kilieleza kwamba mtunzi akihamisha hakimiliki akiwa hai, haki hiyo huwarejea warithi miaka 25 baada ya kifo chake. Hesabu mwenyewe: 1962, ongeza 25, unapata 1987. Filamu ilitoka miaka saba baadaye.

Kilibaki kizingiti kimoja. Kampuni ya Disney ilikuwa ya Marekani. Mahakama ya Pretoria ingepataje mamlaka juu yake? Dean aliiomba mahakama izikamate alama za biashara za Disney zilizosajiliwa Afrika Kusini, zaidi ya 200, Mickey Mouse akiwamo. Shauri likafunguliwa mwaka 2004.

Februari 2006 pande zote zilipatana kabla ya hukumu. Linda alitambuliwa kuwa mtunzi mwenza. Warithi wake wakalipwa kwa matumizi yaliyopita na kuahidiwa mgawo wa mapato ya baadaye. Hata hivyo, suluhu ina gharama yake: kwa kuwa jaji hakutoa uamuzi, shauri hilo halikuacha hukumu ambayo watunzi wengine wangeweza kuitegemea.

Baadaye Dean alifundisha miliki bunifu katika Chuo Kikuu cha Stellenbosch. Nawe, mwanafunzi, wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wimbo, shairi na hadithi uliyoitunga ni mali. Kabla ya kutia sahihi, soma. Na ukishasoma, uliza.