Landrover 109 ya Tabora na Watu Ambao Historia Haikuwataja Majina

Najua wengi wenu mkisikia Tabora mnawaza asali, maembe na treni. Leo nina stori nyingine kabisa. Inaanza na gari bovu, inaishia kwa watu waliotembea kwa miguu zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Kuna mzee mmoja pale Tabora mjini, kaomba nisimtaje jina na nimeheshimu. Nyuma ya nyumba yake, chini ya mwembe, kuna Landrover 109 ya miaka ya 60. Ilisimama mwanzoni mwa miaka ya 80, kipindi kile baada ya Vita vya Kagera. Spea hakuna, mafuta ya foleni, na magari binafsi Jumapili mwisho saa nane mchana. Waulizeni wazee wenu kama natunga. Gari ikawekwa juu ya matofali "kwa muda tu". Muda wenyewe ukawa miaka arobaini.

Mwaka jana akapita kijana wa skrepa na mizani yake. Akaigonga bodi, akatabasamu. Sababu ni hii: Landrover ilipoanza kutengenezwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, kwa hiyo bodi wakaitengeneza kwa aluminiamu. Ndiyo maana bodi inadumu wakati chasisi ya chuma inaoza. Ila aluminiamu hiyo hiyo ikiyeyushwa inatoka sufuria. Landrover ngapi za enzi zile leo zinapikia wali?

Watoto wa mzee wakasema iuzwe. Nyumba inavuja, bati zinahitajika, gari haitembei. Kusema ukweli hawakukosea. Mzee akajibu neno moja tu: "Nipeni mpaka mvua zianze."

Sasa kwa nini ang'ang'anie? Hapo lazima turudi nyuma.

Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Ukitoka Bagamoyo na shehena ya vitambaa, shanga na nyaya za shaba, ulipita Ugogo ukafika Unyanyembe, ndipo njia ikagawanyika: wengine Ujiji, wengine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Kurudi pwani ni pembe za ndovu. Na vyote hivyo vilibebwa na binadamu, mzigo wa kama kilo 30 kichwani au begani, kwa safari ya miezi miwili, mitatu.

Kwani ng'ombe na punda hawakuwepo? Walikuwepo. Tatizo mbung'o. Wamisionari wa London Missionary Society walijaribu mikokoteni ya ng'ombe mwaka 1877, ng'ombe wakafa njiani. Kwa hiyo uchumi mzima wa njia ile ulisimama kwenye mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Kijana wa Kinyamwezi ambaye hajafika pwani alionekana bado mtoto.

Ukienda Kwihara, nje kidogo ya mji, kuna tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872. Alisubiri pale zaidi ya miezi mitano, kuanzia Machi hadi Agosti. Anasubiri nini? Wapagazi! Henry Morton Stanley alikuwa ametangulia pwani ili amtumie watu kutoka Zanzibar. Fikiria, jina linalojulikana dunia nzima, lakini bila watu wa kumbebea mizigo hatoki hata hatua moja. Mwaka uliofuata alipofariki, watu hao hao ndio waliobeba mwili wake, wakapita tena Unyanyembe, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Kina Susi na Chuma tunawajua. Wengine wengi, majina yao nani anayakumbuka?

Reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, msafara wa miguu ukafa. Lakini treni haiingii kijijini. Mwaka 1947 Waingereza wakaanzisha mradi wa karanga, na Urambo, magharibi mwa Tabora, ikawa moja ya sehemu tatu za mradi. Ulikwama kabla ya miaka mitano, tumbaku ikabaki. Na tumbaku, dawa, walimu, wagonjwa, vyote vilihitaji chombo kinachopita kwenye mchanga na tope bila kuogopa mbung'o. Landrover haina damu ya kunyonywa.

Mzee wetu alianza kama utingo wa gari hiyo hiyo. Dereva alikuwa kaka yake, sasa marehemu. Walibeba wajawazito usiku, walibeba magunia, walibeba maiti kurudisha nyumbani. "Hakuna kitabu kimeandika hayo," akaniambia. "Kitabu chake ndiyo hii."

Basi kazi ikaanza. Injini ilikuwa imeshika, akatoa plagi zote nne, akamimina dizeli iliyochanganywa na oili, akaacha siku kumi na kitu. Kila asubuhi anaingiza hendeli mbele, anasukuma kidogo. Hakuna. Siku moja ikasogea robo mzunguko, mzee akakaa chini. Kabureta ikasafishwa kwa petroli na mswaki. Chasisi nyuma ilikuwa imeliwa, fundi wa kuchomelea akakata kipande kilichooza akaunga kipya. Mjukuu aliunga betri kama alivyozoea, hasi kwenye bodi, mzee akapiga kelele: gari nyingi za Kiingereza za enzi zile chanya ndiyo inakwenda kwenye bodi!

Washkaji wa mtaani walimshauri aweke injini ya Kijapani, rahisi na spea zipo. Wengi wanafanya hivyo na gari zinatembea poa. Alikataa. Ila pesa ya tairi, betri na fundi ilitoka wapi? Alimwita yule kijana wa skrepa, akamuuzia paa lote la aluminiamu pamoja na milango miwili ya nyuma. Sehemu ya pesa ikanunua bati. Nyumba haivuji tena, Landrover ndiyo inanyeshewa.

Iliwaka jioni moja kwa hendeli, ikatoa moshi mweusi, ikazima, ikawaka tena. Haina bima, breki bado hazijakaa sawa, kwa hiyo imezunguka mwembe mara mbili tu. Watoto waliotaka iuzwe walipanda nyuma, wanacheka.

Nilimuuliza kama haumii kuuza paa. Akanijibu: "Mwanangu, mpagazi akizidiwa alipunguza mzigo. Hakuacha safari."

Haya wadau, kwenu kuna mzee mwenye chuma chake kimelala uani? Mmeshamuuliza kilibeba nini, au mnasubiri mwenye mizani apite?